Jinsi ya kula kwenye mgahawa wa Kithai wa mtaani bila kulia machozi

Siku ya kwanza naingia mgahawa wa Kithai hapa St. Paul, Minnesota, niliulizwa swali moja tu, pilipili unataka ngapi, moja mpaka tano. Na mimi kwa kiburi cha mtu aliyekulia Tanga, pilipili mbuzi naijua tangu shule ya msingi, nikasema tano. Yule dada akaniangalia. Akarudia, tano? Nikamwambia tano dada, mi natoka Afrika. Dakika kumi baadae nimeshamaliza jagi zima la maji ya barafu, pua inatiririka, masikio yanavuma, na mke wangu pembeni anacheka mpaka kalaza kichwa mezani. Chakula nikafungiwa kwenye kiboksi nikaondoka nacho na sikukigusa tena.

Tangu hapo nimeshakwenda sana, na wageni wakitoka nyumbani ndo huko nawapeleka, kwahiyo naandika hii kwa wale wenzangu ambao kila siku wanapita nje ya hii migahawa wananusa harufu halafu wanaogopa kuingia, au wanaingia wanaagiza pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga, wanakula pad thai, wanaondoka, wiki ijayo pad thai tena. Wadau, hiki chakula tunakijua. Tui la nazi tunalijua, ukwaju tunaujua, mchaichai upo nyuma ya nyumba, papai bichi, ndimu, wali, samaki. Kinachotushinda ni kuagiza, kwasababu tunaagiza kama tuko kwenye baga, kila mtu na sahani yake anaikumbatia, wakati hiki ni chakula cha sinia.

Naongelea ile midogo ya mtaani, meza kumi kumi na mbili, menyu imepigwa lamination na picha zimefifia, siyo ile ya mishumaa mjini.

Hatua ya 1: Chagua saa, halafu sikiliza jikoni

Kama bajeti inabana nenda mchana siku za kazi, kuanzia saa tano asubuhi mpaka kama saa tisa hivi. Migahawa mingi ina menyu ya mchana, chakula kile kile sahani ndogo kidogo, unapewa na kibakuli cha supu au sambusa zao zile za kuviringisha, na bei inashuka dola tatu nne. Jioni ni kwa ajili ya kwenda kundi, nitaeleza mbele.

Utajuaje mgahawa mzuri? Watu wataangalia nyota za mtandaoni, mimi nasikiliza kinu. Saladi yao ya papai bichi inayoitwa som tam inatwangwa kwenye kinu kirefu cha udongo kwa mchi wa mti, na inatwangwa ukishaagiza, siyo asubuhi. Ukiwa umekaa ukasikia tok, tok, tok kutoka jikoni ujue kuna mtu mle ndani anafanya kazi. Dalili nyingine ni rangi ya pad thai kwenye meza ya jirani. Pad thai inapata uchachu wake kwenye ukwaju, kwahiyo inatakiwa iwe kahawia kahawia. Ukiiona nyekundu kama imemwagiwa tomato sosi, imemwagiwa tomato sosi. Kula supu yako urudi nyumbani.

Kitu kingine cha kujua kwa huku kwetu. Migahawa mingi ya University Avenue, ile barabara ya treni ya Green Line, ukiona imeandikwa Thai nje wenyewe ndani mara nyingi ni Wahmong, kabila la milimani kule Laos, au Walao, watu wa Laos. Wahmong wako wengi sana St. Paul, walianza kuja baada ya vita vya Laos kuisha 1975, na wengi walipitia kwanza kambi za wakimbizi za upande wa Thailand. Wale waliopitia Nyarugusu au Kakuma nadhani sihitaji kuwaelezea zaidi, ukikaa kambini miaka kumi unatoka na mapishi ya majirani. Sasa usije ukajikuta umejifunza salamu za Kithai kwa mbwembwe unamsalimia mama wa Kihmong, atacheka tu lakini utajisikia vibaya. Mimi yamenikuta.

Hatua ya 2: Usifungue menyu ukaanza juu kwenda chini

Menyu ina vitu themanini, ukisoma kimoja kimoja utachoka utasema pad thai. Isome kwa mafungu. Kuna supu, kuna saladi, kuna mchuzi wa nazi ambao wao kwenye menyu wanaita kari, kuna vya kukaangwa kwenye karai, kuna tambi. Basi. Ndani ya kila fungu ni kubadilisha nyama tu, kuku, ng'ombe, nguruwe, tofu ile ya soya, au ukiongeza dola mbili tatu kamba na ngisi.

Ukienda na watu, chukua kimoja kwenye kila fungu na wali, muweke katikati. Watu wanne, vyakula vinne, mkiwa na njaa vitano. Kanuni yangu ni kwamba viwili visifanane: kimoja kichachu, kimoja cha nazi, kimoja kikavu cha kukaanga, kimoja kibichi cha kutafuna. Kosa ninaloliona sana ni watu wanaagiza supu ya nazi na kari mbili za nazi, wakifika katikati wote wameshiba mafuta wanaangaliana.

Vya kuanzia hivi hapa, vile ninavyovijua mimi.

Tom yum ni supu ya kamba, chachu, ina ndimu, mchaichai, majani ya mndimu na pilipili. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza ile ya kamba kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Januari hapa nje ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, hiyo supu inafungua pua ambazo daktari kashindwa.

Tom kha ni dada yake, ina tui la nazi, kawaida inakuja na kuku. Hapa lazima nisimulie. Mama alipokuja kututembelea nilimpeleka, alikuwa na wasiwasi kweli, kabeba na kindizi kwenye mkoba just in case, hakusema lakini nilikiona. Tom kha ikaja, akainamia bakuli hajagusa kijiko, akanusa, akanyamaza, akanusa tena. "Huu si mchaichai huu?" Akaonja. "Na tui. Sasa mbona wamelichemsha jepesi hivi, hawana nazi nini?" Halafu akamaliza bakuli lote, akamwita yule mhudumu "mwanangu" kwa Kiswahili akamuonyesha bakuli tupu, na yule binti akaelewa akaleta jingine. Kindizi tulikikuta kwenye mkoba kesho yake kimeshakuwa cheusi.

Kwenye kari, ukitaka kitu kitakachokukumbusha nyumbani anza na massaman. Hiyo ndani yake kuna iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, kungumanga, viazi na karanga, yaani ni mchuzi wa pilau uliokutana na tui, na jina lenyewe linahusishwa na neno la zamani la kumwita Muislamu, maana hivyo viungo vilifika kule kwa njia ya wafanyabiashara wa Kiislamu. Haina ukali wa kutisha. Ya kijani ndo kali inayojificha, inaonekana ya kistaarabu na rangi yake nzuri kumbe imetengenezwa kwa pilipili mbichi za kijani. Panang ni nzito na tamu tamu, kikombe kidogo cha mchuzi unamaliza nao wali sahani mbili.

Vya karai, agiza pad kra pao. Ni nyama iliyokatwakatwa au kusagwa, inakaangwa moto mkali na kitunguu saumu, pilipili na majani ya mrehani wao, juu ya wali, na juu yake yai la kukaanga. Kwenye menyu nyingi yai linauzwa pembeni, liongeze, dola mbili hazitakufukarisha. Kule Bangkok mtu akikosa cha kula anakula hicho, ndo chipsi mayai yao.

Na pad thai yenyewe sijasema ni mbaya. Ni chakula kilichopigiwa debe na serikali ya waziri mkuu Phibun miaka ile nchi ilipoacha kuitwa Siam ikawa Thailand, 1939 na kuendelea, ili watu wawe na kitu cha kitaifa cha kula. Ila kwa Marekani wanaiwekea sukari mno. Ikija usiichanganye haraka, kamulia ndimu yote, nyunyiza pilipili ya unga, halafu changanya na zile chipukizi za choroko. Hapo inarudi kwenye mstari.

Hatua ya 3: Pilipili (soma hii hata kama huzisomi nyingine)

Nilikaa nikajiuliza kwanini mimi mla pilipili nilidhalilika vile. Pilipili mbuzi kwa kipimo ni kali kuliko zile pilipili zao ndogo, ambazo sisi tunaziita kichaa. Jibu ni kwamba sisi pilipili tunaiweka pembeni. Kwenye mchuzi inaelea nzima haijapasuka, kwenye pilau inakuja kama kachumbari, anayetaka anachukua, asiyetaka anaipita. Wao wanachukua kichaa nane, kumi, wanazitwanga na mbegu zake, mbichi, ndani ya sahani moja ya mtu mmoja. Huwezi kuipita. Ipo kwenye kila tonge.

Halafu cha kuchekesha, pilipili siyo ya kwao wala siyo ya kwetu. Imetoka bara la Amerika, Wareno ndo walioisambaza, hao hao waliotia nanga Mombasa na Malindi 1498, na Ayutthaya ambayo ilikuwa mji mkuu wa Siam walifika 1511. Kabla ya hapo ukali wao ulikuwa wa pilipili manga, na mpaka leo pilipili manga kwa Kithai inaitwa prik thai, pilipili ya Kithai, ile nyingine ndo mgeni.

Sasa, namba. Namba hazina maana yoyote duniani, kila mgahawa una yake. Mbili ya mgahawa huu ni nne ya mgahawa ule. Na hapa Minnesota namba zimepimwa kwa ulimi wa wazungu wa huku ambao babu zao walitoka Norway na Sweden na pilipili manga wanaiona ni ujasiri. Kwahiyo moja na mbili hapa ni maji. Ila ukiruka ukasema tano, au ukasema ile ya "Thai hot", unakuwa umetoka kwenye mizani ya wateja umeingia kwenye mizani ya jikoni, na mpishi anakupikia kama anavyompikia shemeji yake.

Njia yangu ni hii. Mara ya kwanza kwenye mgahawa wowote sema mbili, halafu omba kile kiseti cha mezani. Kitakuja na vikopo vinne: pilipili ya unga iliyokaangwa, siki yenye pilipili iliyokatwa, sukari, na mchuzi wa samaki wenye vipande vya pilipili. Unaongeza mwenyewe kidogo kidogo mpaka pale panapokutosha. Kuongeza inawezekana, kupunguza haiwezekani. Ziara ya pili unajua namba yako.

Na jua nini kinaweza kupunguzwa na nini hakiwezi. Saladi na vya karai vinatengenezwa ukiagiza, ukisema bila pilipili inakuwa bila pilipili kweli. Kari siyo hivyo, rojo lake limeshasagwa na pilipili ndani, kwahiyo ukiagiza kari ya kijani ukasema isiwe kali kabisa watakuongezea tui na sukari tu, ukali wake unabaki. Mwenye watoto asiagize hiyo akitegemea huruma. Watoto wapewe wali wa kukaanga, mishikaki ya satay ambayo wataipenda hiyo sosi ya karanga mpaka walambe, au pad see ew, tambi pana za sosi ya soya ambazo kwa kawaida hazina pilipili kabisa.

Ukishaungua je? Acha maji. Ule ukali hauyeyuki kwenye maji, maji yanausambaza tu mdomoni kama unavyomwagia maji moto wa mafuta. Kunywa kitu cha maziwa, kula wali mkavu, lamba sukari. Ile chai yao ya rangi ya chungwa ina maziwa na sukari vyote, iagize mapema kabla ya ajali.

Maneno ya kukusaidia kama jikoni ni Wathai kweli: mai phet, isiwe kali. Phet nit noi, kali kidogo. Phet mak, kali sana, hili usiliseme. Na kumshukuru mtu ni khop khun, mwanaume anamalizia na khrap, mwanamke anamalizia na kha. Wathai nao mhudumu wanamwita kama ndugu, akiwa mkubwa kwako ni phi, mdogo ni nong, sawa na sisi na dada, kaka na mdogo wangu, kwahiyo ukimwita dada kwa heshima hujakosea adabu ya nchi yoyote.

Hatua ya 4: Usichokula, kiseme kabla

Hapa sitaki utani. Karanga ziko kila mahali, kwenye pad thai, massaman, panang, sosi ya satay, som tam. Kama una mzio wa karanga siyo kusema "usiniwekee", sema una mzio, na uliza kama karai na kinu vinachangiwa, maana kinu kile kile kilichotwanga som tam yenye karanga ndo kitakachotwanga yako. Mgahawa ukijibu kwa kubabaika, ondoka, hamna aibu.

Wasiokula nguruwe: uliza sana. Nguruwe yupo kwenye nyama ya kusaga, kwenye soseji, wakati mwingine kwenye mchuzi wa supu za tambi hata kama juu umewekewa kuku. Migahawa yenye nyama halali ipo na mara nyingi wanaandika dirishani, ila mingi ya mtaani haina. Mimi nikiwa na wageni Waislamu tunaenda na samaki, kamba na tofu, na tunauliza karai lioshwe. Tambi zile zinazoitwa za mlevi, pad kee mao, usizikimbie kwa jina, jina ni la yule mlevi anayerudi usiku na njaa, pombe siyo kiungo chake. Lakini wapishi wanatofautiana, uliza tu.

Na ndugu zangu wasiokula nyama, tofu kwenye menyu haimaanishi hamna kiumbe. Mchuzi wa samaki ndo chumvi yao, na rojo la kari kawaida lina uduvi uliochachushwa na chumvi. Uliza kama wana rojo lisilo na uduvi. Wengine wanalo.

Halafu som tam, utaulizwa unataka ya Kithai au ya Kilao. Usibahatishe. Ya Kithai ni tamu na chachu, ina karanga na uduvi mkavu. Ya Kilao ina samaki aliyeoza kwa makusudi, mchuzi mweusi, harufu yake inafika kabla ya sahani. Ukikulia na ng'onda na papa mkavu utaipenda. Mke wangu anaipenda. Mimi nahamia kiti cha pili.

Hatua ya 5: Kula

Kijiko kulia, uma kushoto. Uma hauingii mdomoni, kazi yake ni kusukuma chakula kwenye kijiko. Kisu hamna, nyama imeshakatwa jikoni. Vijiti siyo vya wali, Wathai wenyewe wanavitumia zaidi kwenye tambi za supu, kwahiyo ukiona jirani anahangaika na wali wa kukaanga kwa vijiti muache na mazoezi yake.

Weka wali kwanza kwenye sahani yako, halafu chota kijiko kimoja viwili vya kitu kimoja, kula, ndo uchote kingine. Usirundike vitu vinne juu ya wali kama uko kwenye harusi na hujui kama utarudi mstarini. Ladha zinachanganyika hujui umekula nini.

Ukiwa umeagiza som tam, kuku wa kuchoma au larb, ambayo ni nyama ya kusaga yenye ndimu na unga wa mchele uliokaangwa, achana na wali wa kawaida, omba wali wa kunata. Unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi au kwenye mfuko wa plastiki, umeshikana, na unaliwa kwa mkono. Hapa ndo sisi tunaposhinda. Unamega, unafinyanga tonge, unabonyeza dole gumba katikati, unachovya mchuzi. Nilifanya hivyo bila kufikiria na yule mama mwenye mgahawa akasimama akaniangalia mkono, akamwita mwanae aje aone. Mkono wa kulia, wadau. Mkono ule ule wa ugali. Ila funga kikapu kila ukimega, ukiuacha wazi unakauka unakuwa kama raba.

Na sasa onyo ambalo hakuna aliyenipa. Kwenye tom yum na tom kha kuna vitu haviliwi. Vile vijiti vya mchaichai, yale majani magumu ya ndimu, na vile visahani vyeupe vinavyofanana na kiazi, hicho siyo kiazi, ni mzizi, ndugu yake tangawizi, mgumu kama ubao. Mimi nilikitafuna. Nilikitafuna muda mrefu nikijiambia labda ndo utamaduni. Chukulia kama kijiti cha mdalasini kwenye pilau, kimeshafanya kazi yake, kisogeze pembeni ya bakuli.

Hatua ya 6: Tamu, kama tumbo lina nafasi

Embe na wali wa kunata uliomwagiwa tui lenye sukari na chumvi kidogo. Uliza kwanza embe la leo likoje, mhudumu mkweli atakuambia. Siyo embe dodo, nisikudanganye, lakini ule wali peke yake unatosha. Madafu nayo yapo, dola sita saba, utalipa huku roho inauma.

Hatua ya 7: Bili

Mingi bili hailetwi mpaka uombe, au unakwenda mwenyewe kaunta. Juu ya bei ya menyu kuna kodi, hapa St. Paul karibu asilimia 10, kwahiyo sahani ya dola 16 siyo 16. Kisha tipu. Asilimia 18 mpaka 20 ukiwa umekaa na kuhudumiwa, hesabu kwenye bei kabla ya kodi, mfano chakula cha dola 60 ni 12. Minnesota mhudumu analipwa kima cha chini kamili kabla ya tipu, lakini kuna majimbo mengi anaweza kulipwa dola 2.13 kwa saa, nyingine zote ni wewe, kwahiyo ukisafiri usiwe bahili. Mkiwa watu sita na kuendelea soma karatasi vizuri, mara nyingine tipu imeshaingizwa na mashine bado inakuuliza tena. Mkienda kundi la Waswahili semeni mapema nani analipa, maana nimeona ugomvi wa "weka pesa yako, mimi mwenyeji" unachukua dakika kumi na tano na mhudumu amesimama na kimashine chake hajui atazame wapi.

Hatua ya 8: Mabaki

Omba viboksi, unafunga mwenyewe, ni kawaida kabisa. Kama kuna pad thai mezani ndo mmalize hiyo, kesho inakuwa uzi. Kari ifungwe mbali na wali, usiku ule ile mchaichai na mrehani zinaingia vizuri na kesho yake ni tamu kuliko jana, ipashe kwenye sufuria moto mdogo, usiiache ichemke sana tui litakatika. Wali nyunyizia maji kijiko kimoja kabla ya kuuweka kwenye mikrowevu na uufunike. Wali wa kunata funga kwenye kitambaa chenye unyevu, sekunde thelathini. Som tam usihifadhi, imeshatoa maji, na kama ni ya Kilao friji nzima itajua.

Mke wangu ya kwake ya Kilao huwa anaimalizia kwenye gari. Madirisha tunafungua hata kama ni Januari.